Walter Rodney: Msomi wa Mlimani aliyeitoa elimu nje ya darasa

Siku hizi mtu aliyeko Kasulu au Kibondo anaweza kupalilia maharage huku simu ikimsomea mhadhara uliotolewa chuo kikuu. Mihadhara inarekodiwa, inakatwa vipande na kuwekwa mtandaoni kama podikasti, na mwenye bando anasikiliza. Lakini wazo la msomi kutoka darasani na kuzungumza na watu ambao hawakusoma chuo lilianza zamani, kabla ya simu hizi. Mmoja wa walioliishi wazo hilo hadi likamgharimu maisha ni Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Rodney aliuawa mwaka 1980 akiwa na miaka 38. Sisi wa Kigoma tuna sababu yetu ya kumfahamu, maana moja ya kazi alizoshiriki inahusu manamba, na mkoa wetu una sehemu nzima ndani yake.

Mtoto wa fundi cherehani

Walter Rodney alizaliwa Machi 23, 1942 mjini Georgetown, Guyana, nchi iliyoko Amerika ya Kusini ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Waingereza. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na mama yake naye alikuwa mshonaji. Wazazi hao walikuwa wanachama wa chama kilichodai uhuru, na Walter akiwa bado mtoto alitumwa kupeleka vipeperushi nyumba kwa nyumba.

Shuleni alikuwa hodari. Alisoma kwa ufadhili hadi Chuo Kikuu cha West Indies nchini Jamaica, akahitimu historia mwaka 1963 kwa daraja la kwanza. Kutoka hapo alikwenda London, na mwaka 1966, akiwa na miaka 24 tu, akapata shahada ya udaktari kwa utafiti kuhusu pwani ya Afrika Magharibi na biashara ya watumwa.

Huko London alikuwa na darasa jingine. Alikwenda Hyde Park, bustani ambako mtu yeyote anaweza kusimama na kuhutubia wapita njia. Pale hakuna anayekuheshimu kwa sababu ya shahada. Ukiongea mambo yasiyoeleweka watu wanaondoka, na ukikosea wanakuzomea.

Jamaica yamfungia mlango

Rodney alifundisha Dar es Salaam kwa muda mfupi, mwaka 1966 na 1967, kisha akarudi Jamaica mwanzoni mwa 1968 kufundisha historia ya Afrika. Mchana alikuwa na wanafunzi chuoni. Muda mwingine alikwenda kwenye mitaa ya watu maskini ya Kingston, akaketi na Marastafari na vijana wasio na kazi, wakazungumza kuhusu Afrika. Yeye alieleza aliyoyasoma, na wao walimweleza maisha yao. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyozaa kitabu chake cha mwaka 1969, The Groundings with My Brothers.

Serikali ya Jamaica iliyaona mazungumzo hayo kuwa hatari. Oktoba 1968, Rodney aliporudi kutoka kwenye mkutano wa waandishi weusi nchini Canada, alizuiwa kuingia nchini. Wanafunzi waliandamana kumtetea, wananchi wakajiunga nao, ghasia zikatokea Kingston na watu wakapoteza maisha.

Miaka ya Mlimani

Mwaka 1969 alirejea Tanzania na kukaa hadi 1974. Hayo yalikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Dar es Salaam ilikuwa makao ya wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe na Afrika Kusini. Chuo kilijaa mijadala. Wanafunzi walikuwa na umoja wao wa kimapinduzi, USARF, ambao mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda. Walikuwa na jarida lao, Cheche, na walikutana Jumapili kusoma na kubishana. Rodney alikuwa karibu nao.

Hata Tanzania, maneno yake yalimletea matatizo. Desemba 1969 alizungumza kwenye semina ya vijana, akasema mapinduzi ya Afrika hayajakamilika na kwamba yanahitaji mapambano makali zaidi. Gazeti la chama, The Nationalist, lilimjibu kwa tahariri kali. Hakufukuzwa, aliendelea na kazi. Lakini mwaka 1970 umoja wa wanafunzi ulipigwa marufuku pamoja na jarida lake. Tunapomsifu Rodney tusisahau kwamba uhuru wa mijadala ya Mlimani nao ulikuwa na mipaka yake.

Mwaka 1972 kilitoka kitabu kilichomfanya ajulikane duniani, How Europe Underdeveloped Africa, kilichochapishwa Dar es Salaam na London. Hoja yake inaeleweka hata kwa asiyekisoma. Anasema Afrika haikuzaliwa maskini. Ilirudishwa nyuma na biashara ya watumwa na baadaye ukoloni, na utajiri uliotoka huku ndio uliosaidia kuijenga Ulaya. Mfano wake mmoja ni njia za usafiri: reli na barabara za wakoloni zilielekea baharini, maana kazi yake ilikuwa kutoa mali nje, si kuunganisha majirani. Wapo wanahistoria wanaompinga, wakisema aliwapa Wazungu uzito mkubwa mno na kuwasahau watawala wa Kiafrika walioshiriki. Mjadala huo unaendelea hadi leo.

Kigoma ndani ya kazi yake

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa Waha wa Kasulu na Kibondo, reli hiyo iliwachukua vijana. Serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha taslimu, na huku hapakuwa na njia nyingi za kupata fedha. Wenye mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro walihitaji watu wengi wa kukata majani kwa ujira mdogo. Kigoma ikageuzwa ghala la vibarua. Wanaume waliandikishwa, wakapewa namba, na kwa sababu ya namba hizo wakaitwa manamba. Wengine walirudi baada ya mkataba na nguo na fedha kidogo. Wengine walibaki huko moja kwa moja, na ndiyo maana hadi leo ukienda Tanga unakuta koo za Kiha.

Rodney na wenzake wawili, Kapepwa Tambila na Laurent Sago, waliandika historia ya kazi hiyo. Rodney alieleza uchumi wa koloni, Tambila akaeleza Tanga iliyowavuta vibarua, na Sago akaeleza Kigoma iliyowatoa. Kitabu kilichapishwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1983, Rodney akiwa ameshafariki. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Historia ya babu zetu waliotoka Kasulu na Kibondo ilichapwa Ulaya, kwa lugha ambayo wengi wao hawakuijua.

Tatizo hilo la lugha Rodney mwenyewe alilifahamu. Alipoeleza kwa nini aliondoka Tanzania, alisema kwamba mtu akitaka kufanya siasa na watu lazima awe wao kabisa: acheke utani wao bila kutafsiriwa, na aweze kwenda sokoni na kupatana bei kwa Kiswahili bila kuonekana mgeni. Aliona kwamba hapa hawezi kufika huko, na kwao Guyana anaweza.

Kurudi nyumbani, na kifo

Mwaka 1974 alirudi Guyana kuchukua nafasi ya uprofesa wa historia katika chuo kikuu cha nchi yake. Serikali ya Forbes Burnham ikaifuta nafasi hiyo. Marafiki walimshauri aende nje, akakataa. Alipata riziki kwa kualikwa kufundisha nje ya nchi kwa vipindi, na nyumbani alifundisha bila chuo. Nyumba nyingi za Guyana zimeinuliwa juu ya nguzo, na chini yake kuna uwazi ambapo watu hukaa. Hapo ndipo Rodney alipofanya madarasa yake na wafanyakazi. Chama chake, Working People's Alliance, kilitaka Waguyana wenye asili ya Afrika na wenye asili ya India washirikiane badala ya kugawanywa na wanasiasa.

Juni 13, 1980 jioni, bomu lililofichwa ndani ya redio ya mawasiliano lililipuka akiwa ndani ya gari mjini Georgetown. Rodney alifariki, na mdogo wake aliyekuwa naye alijeruhiwa. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti mwaka 2016 ilihitimisha kwamba vyombo vya serikali vilihusika na kwamba Burnham alijua. Ilichukua miaka 36 familia yake kusikia hayo rasmi.

Kilichobaki kwetu

Mijadala ya Mlimani haikufa. Issa Shivji, aliyekuwa mwanafunzi katika miaka hiyo na kuandika kwenye Cheche, ndiye aliyekuja kuwa wa kwanza kukalia Kigoda cha Taaluma cha Mwalimu Nyerere mwaka 2008, na Kigoda hicho kikaandaa mihadhara ya wazi kwa umma.

Lakini mhadhara kuwekwa mtandaoni ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni lugha, na kumsikiliza anayesikiliza. Rodney alikwenda kwa watu kufundisha, na pia aliwauliza. Kama kwenu bado yupo bibi au babu anayekumbuka habari za waliokwenda mkongeni, mketishe, washa kinasa sauti cha simu yako, umuulize alipandia wapi, alilipwa nini, nani hakurudi. Hayo hayamo yote kwenye kitabu cha Hamburg, na wanaoyajua wanapungua kila mwaka.