Mfahamu Muhammed Said Abdulla, msee wa Zanzibar aliyemuumba mpelelezi Bwana Msa

Kabla filamu za upelelezi hazijajaa kwenye simu zetu, Bwana Msa na kiko chake walikuwa tayari wanasaka wauaji kwa Kiswahili safi. Lakini je, unamjua buda aliyemuumba?

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Zanzibar, mwaka wa 1918. Alimaliza masomo 1938, akaingia idara ya afya kama mkaguzi. Baada ya miaka kama kumi aliacha hiyo kazi akahamia magazetini. Mwaka wa 1948 alikuwa mhariri wa Zanzibari, kisha akawa mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. 1958 akapewa Mkulima, gazeti la kilimo, akakaa hapo hadi kustaafu 1968. Ndio, huyu mkali wa hadithi za mauaji mchana alikuwa anahariri habari za shamba!

Jina lake lilivuma kupitia shindano la kuandika hadithi la 1957-58. Mzimu wa Watu wa Kale iliibuka nambari moja, ikachapishwa 1960. Mtu anapatikana amekufa mahali pa matambiko ya watu wa kale, na wengi wanaogopa kwamba mzimu umekasirika. Bwana Msa hanunui hiyo story. Akiwa na rafiki yake Najum, anauliza maswali, anapima majibu, hadi ukweli unatokea: aliyeua ni binadamu.

Ni kweli Msa ana damu ya Sherlock Holmes. Ila Abdulla alimpa uswahiba, utani na akili ya Kizanzibari, ndio maana wengi wanamhesabu mzee huyu kuwa mwanzilishi wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyingine. Alifariki 1991.

Sasa, kijana wa Bute ama Garissa anapata nini hapa? Kila mahali pana magofu, kisima ama mti unaoogopwa usiku. Abdulla hakuwacheka wazee wanaosimulia hayo. Alionyesha tu vile mhalifu hujificha nyuma ya hofu ya watu. Kwa hivyo ukiambiwa duka limechomwa na majini, tulia, halafu uliza ni nani alikuwa na kiberiti.

Wewe ulianza na kitabu kipi cha Bwana Msa?