Seneta Aliyeuliza Bila Kuchoka

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Yafaa basi tuwakumbushe wasomaji wetu maisha ya Thomas Walsh, seneta wa jimbo la Montana huko Marekani. Alizaliwa mwaka 1859, mwana wa wahamiaji kutoka Ireland. Alikuwa mwalimu kwanza, kisha mwanasheria, na mwaka 1913 akaingia katika Seneti.

Serikali ya Marekani ilikuwa na ardhi zenye mafuta, akiba ya manowari zake. Mwaka 1921 Rais Harding alizikabidhi kwa Albert Fall, waziri aliyesimamia ardhi ya taifa. Mwaka uliofuata Fall akazikodisha kwa matajiri wawili, Harry Sinclair na Edward Doheny, pasipo kushindanisha bei.

Seneti ikaagiza uchunguzi. Walsh alikuwa wa chama chenye wajumbe wachache, lakini ndiye aliyeubeba mzigo wa kusoma hati zote. Kamati haikuwa na askari wala gereza. Nguvu yake ilikuwa kumwita mtu, kumwapisha na kumwuliza. Fall alidai amekopa dola 100,000 kwa Edward McLean, mwenye gazeti. McLean akatoa udhuru wa ugonjwa. Walsh hakuridhika, Januari 1924 alisafiri mwenyewe hadi Florida, na huko McLean akakiri kwamba Fall hakupata fedha hizo kwake. Mwezi huo huo Doheny alieleza kwamba ndiye aliyezitoa, zikapelekwa na mwanawe ndani ya mkoba.

Bunge halikuhukumu, kwa maana hiyo si kazi yake. Mahakama Kuu ilibatilisha mikataba hiyo mwaka 1927, na mwaka 1929 Fall alipatikana na hatia ya kupokea rushwa, hata akafungwa. Walsh alifariki garimoshini tarehe 2 Machi 1933, akienda Washington kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Hatusemi kwamba kila waziri ni mwizi. Waziri mwaminifu hapungukiwi kitu akiulizwa. Lakini sisi tuwachaguao wabunge na tuwapime kwa jambo hili pia: je, wazisoma hesabu za Serikali, na wapewapo jibu, wasafiri kulithibitisha? Kwani mali ile ni ya watoto wetu.