Chester Carlson na Unga Uliogeuka Wino

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chester Floyd Carlson aliinama kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kukipata alichokitafuta. Yeye ndiye mvumbuzi wa njia ya kunakili maandishi kwa umeme tuli na unga mkavu, njia ambayo hadi leo hutumika katika mashine za fotokopi na katika printa za leza. Mwanafunzi anayetoa nakala ya sura ya kitabu kilichoadimika maktabani na mhadhiri anayechapisha karatasi za mtihani, wote ni wadeni wake. Makala haya yanasimulia maisha ya mvumbuzi huyo, na kudhihirisha jinsi hitilafu za katriji za wino zinavyoweza kufahamika kwa kuzifuata hatua alizozibuni.

Carlson alizaliwa tarehe 8 Februari 1906 mjini Seattle, nchini Marekani, akiwa mwana wa pekee. Baba yake, Olof, alikuwa kinyozi, lakini kifua kikuu na baridi yabisi ya uti wa mgongo vilimpokonya uwezo wa kufanya kazi. Familia ilihamahama ikitafuta hali ya hewa ambayo ingemfaa mgonjwa, ikaishi Meksiko kwa miezi kadhaa, kisha ikalowea kusini mwa jimbo la California. Akiwa na umri wa miaka minane, Chester alikuwa tayari anafanya vibarua. Alipofika shule ya sekondari, ndiye aliyekuwa tegemeo kuu la wazazi wake. Mama yake, Ellen, aliaga dunia kwa kifua kikuu wakati kijana huyu alipokuwa na umri wa miaka 17.

Ufukara huo haukumzima ari. Katika ujana wake alimfanyia kazi mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, akajipatia mtambo mkuukuu wa kuchapia, na kwa mtambo huo akajaribu kutoa jarida dogo la wapenzi wa kemia. Kupanga herufi mojamoja kwa mkono kulimfunza mapema jinsi ilivyo kazi nzito kuyafikisha mawazo ya mtu kwenye karatasi za watu wengi.

Mnamo mwaka wa 1930 alihitimu shahada ya fizikia katika Taasisi ya Teknolojia ya California. Wakati huo uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka. Aliandika barua za maombi ya kazi kwa kampuni 82 bila kupata ajira. Hatimaye aliajiriwa na maabara za Bell mjini New York, akahamishiwa idara ya hataza, yaani hati zinazolinda haki za wavumbuzi, kisha akaachishwa kazi mwaka wa 1933. Baadaye alipata kazi katika idara ya hataza ya kampuni ya P. R. Mallory. Hapo ndipo tatizo lilipomkabili ana kwa ana. Kila hati ilihitaji nakala kadhaa, na hazikupatikana isipokuwa kwa kupiga chapa upya au kwa kupiga picha kwa gharama kubwa. Isitoshe, mwaka wa 1936 alianza kusomea sheria nyakati za jioni. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kununulia vitabu, alikwenda maktabani kuvinakili kwa mkono, ilhali baridi yabisi, maradhi yaliyomsumbua baba yake, ilikuwa imeanza kumwandama naye.

Carlson hakutaka kuifuata njia ya upigaji picha wa kemikali, maadamu kampuni kubwa zilikuwa zimekwisha kuitafiti. Alisoma maandishi ya kisayansi, yakiwemo ya Pál Selényi, mwanafizikia wa Hungaria, akavutiwa na vitu ambavyo hupitisha umeme vinapomulikwa na huuzuia vikiwa gizani. Aliwaza kwamba iwapo bamba la kitu kama hicho litatiwa chaji ya umeme tuli, kisha limulikwe kupitia maandishi, chaji itatoroka pale palipopata mwanga na kubaki pale palipo na kivuli cha herufi. Unga ukinyunyizwa, utanata palipobaki chaji tu. Majaribio ya kwanza aliyafanya jikoni kwake kwa kutumia salfa, na harufu yake ikawa kero kwa majirani.

Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba kimoja mtaani Astoria, New York, wazo hilo lilipata mwili. Carlson alikuwa na msaidizi wake, Otto Kornei, mwanafizikia aliyetoka Austria. Kornei aliandika tarehe ya siku hiyo na jina la mtaa kwa wino juu ya kipande cha kioo. Bamba la zinki lililopakwa salfa lilisuguliwa kwa kitambaa ili lipate chaji, kioo kikawekwa juu yake, na taa kali ikawashwa kwa sekunde chache. Kisha wakanyunyiza unga laini wa mmea uitwao Lycopodium na kuupuliza uliozidi. Maandishi yakabaki. Waliyahamishia kwenye karatasi yenye nta, wakaipasha moto, na nta ikaushika unga.

Nakala hiyo ilikuwa hafifu. Kornei hakuona mustakabali ndani yake, akaondoka kwenda kutafuta ajira kwingine. Carlson alipata hataza tarehe 6 Oktoba 1942, lakini kati ya 1939 na 1944 alikataliwa na kampuni zaidi ya 20, zikiwemo IBM na General Electric. Waliomkataa walitazama doa la unga, wakaamua kwa sura yake. Carlson alitazama hatua zilizolizaa doa hilo, akajua kwamba kila moja ingeweza kurekebishwa peke yake. Tofauti hiyo ya mitazamo ndiyo kiini cha maisha yake.

Mnamo 1944 taasisi ya utafiti ya Battelle, mjini Columbus, Ohio, ilikubali kuuendeleza uvumbuzi huo, na baada ya miaka michache kampuni ndogo ya Haloid ya mjini Rochester ikajiunga nayo. Watafiti wakashughulikia hatua moja baada ya nyingine. Badala ya kusugua kwa kitambaa, chaji ilitiwa kwa waya wenye umeme mkali. Badala ya salfa, ilitumika seleniamu, ambayo huitikia mwanga kwa wepesi zaidi. Badala ya unga wa mmea, ulibuniwa wino mkavu wenye chembe za plastiki ambazo huyeyuka kwa joto na kushikamana na karatasi ya kawaida. Mashine ya mwaka wa 1949 ilikuwa bado ya kuendeshwa kwa mkono, hatua kwa hatua. Ushindi ulikuja tarehe 16 Septemba 1959, mashine ya Xerox 914 ilipooneshwa hadharani. Ilikuwa na uzani wa takriban kilo 295, na ilitoa nakala saba kwa dakika kwa kubonyeza kitufe. Yalikuwa yamepita karibu miaka 21 tangu siku ile ya Astoria.

Katika miaka iliyofuata kifo cha Carlson, mhandisi Gary Starkweather wa Xerox aliiondoa taa na kuweka mwale wa leza, na printa ya leza ikazaliwa. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Canon iliunganisha unga na ngoma, yaani silinda inayopokea taswira, ndani ya katriji moja. Kwa njia hiyo maabara ya Carlson iliingia nyumbani na ofisini ikiwa kijisanduku cha kubebwa mkononi.

Ndani ya kijisanduku hicho hatua ni zilezile: kutia chaji, kumulika, kupaka unga, kuuhamishia karatasini, kuuyeyusha, na kuisafisha ngoma. Kwa hivyo, kila kasoro huelekeza kwenye hatua iliyokwama. Maandishi yakififia upande mmoja wa ukurasa, aghalabu unga umepungua au umelalia pembeni; katriji huchomolewa na kutikiswa polepole kulia na kushoto. Maandishi yakifutika kwa kidole, kasoro si ya unga bali ya joto: kiyeyushio kimechoka, au karatasi ni nzito au ina unyevu. Doa likijirudia kwa umbali uleule, ngoma au rola fulani imekwaruzika, na umbali huo ni mzingo wake. Mstari mweusi ulionyooka kutoka juu hadi chini huashiria mkwaruzo kwenye ngoma au ubapa wa kuisafishia uliochakaa. Ukungu wa kijivu ukurasa mzima huashiria chaji dhaifu au ngoma iliyozeeka. Aidha, ngoma haifai kuachwa kwenye mwanga mkali, kwa sababu mwanga ndio unaoiandika. Unga ukimwagika nguoni, upanguswe kwa kitambaa kikavu kisha uoshwe kwa maji baridi. Maji ya moto yatauyeyusha na kuugandisha papo hapo. Asiyezijua hatua hizi hutupa katriji nzima kwa kosa la karatasi yenye unyevu, sawa na wale waliolitupa wazo zima kwa kosa la unga uliokuwa haujapatiwa mbadala.

Utajiri ulipomjia, Carlson hakubadilika. Aliishi maisha ya kadiri, akatoa takriban dola milioni 100 kwa vyuo, kwa utafiti na kwa watetezi wa haki za raia, mara nyingi akitaka jina lake lisitajwe. Hakumsahau Kornei; alimpelekea hisa 100 za kampuni, ingawa makubaliano yao yalikuwa yamekwisha kuvunjwa zamani. Aliaga dunia tarehe 19 Septemba 1968 mjini New York, moyo wake uliposimama akiwa ndani ya ukumbi wa sinema. Mwaka wa 1981 jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima la Wavumbuzi wa Marekani.

Waama, wengi wanaotumia uvumbuzi wake hawalijui jina lake, na huenda mwenyewe asingejali. Mtoto wa kinyozi, aliyenakili vitabu vya sheria kwa mkono unaouma, aliwarahisishia wengine kazi iliyomtaabisha yeye. Ukurasa ukitoka na dosari, dosari hiyo ni swali linaloelekezwa kwenye hatua moja kati ya sita, na jibu lake lilianza kutafutwa Astoria kwa bamba la zinki, kitambaa na unga kidogo wa mmea.