KHABARI ZA MKWAWA, MTWA WA UHEHE, NA TAREHE NNE ZA KUKUMBUKWA KWAKE

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, Muumba wa siku na miaka, twasema hivi. Ni dasturi ya watu wa kila nchi kuikumbuka siku ya jambo kubwa kila izungukapo mwaka. Dasturi hii ina faida, kwani mwanadamu ni mwepesi wa kusahau, na siku ikirudi humrejeshea khabari za waliomtangulia. Lakini ina hatari yake pia. Kila kaumu huichagua siku iipendayo na kuiacha siku iichukiayo, hata historia ikawa kama hati ya deni iliyopasuliwa vipande, kila mtu ameshika kipande kile kinachomdai mwenziwe tu. Ili jambo hili lipate kuonekana wazi, tumependa kueleza maisha ya Mkwawa wa Kalenga, mtu ambaye jina lake lajulikana tangu Iringa na Mbeya hata pwani. Maisha yake na mambo yaliyofuata kufa kwake yana tarehe nne kubwa, na hapana hata moja katika hizo itoshayo peke yake.

Jina lake la kuzaliwa ni Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga. Alizaliwa Luhota, katika nchi ya Iringa, kiasi cha mwaka 1855. Baba yake ndiye aliyewakusanya wakuu wadogo wadogo wa Uhehe akawafanya watu wa neno moja. Hapo zamani Wasangu wa Mtemi Merere walikuwa na nguvu kuliko Wahehe, nao Wahehe wakajifunza kwao namna ya kupanga majeshi na kupigana kwa mkuki. Walipokwisha kujifunza wakawageukia. Wasangu wakaondolewa katika bonde lao la Usangu, wakaenda kukaa upande wa magharibi katika nchi ya Wasafwa, karibu na mahali ulipo mji wa Mbeya leo. Msomaji na aliweke neno hili moyoni, kwani tutalirudia.

Munyigumba akafa mwaka 1879. Mkwewe, jina lake Mwambambe, akautaka utawala kwa nguvu, na Mkwavinyika akakimbilia Ugogo. Baadaye alirudi, wakapigana, na Mwambambe akashindwa. Mahali pa vita vile pakaitwa Ilundamatwe, maana yake mahali palipolundikana vichwa. Kwa jina hilo pekee yatosha kujua utawala ule ulinunuliwa kwa thamani gani. Mkwawa alikuwa hodari na mwenye akili ya vita, lakini alikuwa mkali sana kwa yeyote aliyemshuku. Alijenga boma kubwa la ukuta wa mawe na udongo pale Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, kiasi cha kilomita 15 kutoka mji wa Iringa wa sasa. Misafara iliyotaka kupita katika nchi yake ilimtolea hongo, na jirani asiyemtii alivamiwa.

Katika wakati huo Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wakiingia bara. Mwaka 1891, nao ni mwaka 1309 wa Hijra, akapelekwa jemadari wao Emil von Zelewski kwenda kuwatiisha Wahehe. Watu wa pwani walikuwa wakimjua mtu huyu tangu zamani, kwani ndiye aliyekuwapo Pangani mwaka 1888, ambako matendo yake yalikuwa sababu moja ya kuwashwa kwa vita vya Abushiri. Yasimuliwa kwamba Mkwawa alituma wajumbe, nao wakapigwa risasi. Tarehe 17 Agosti, msafara ulipokuwa ukipita kwa mstari mrefu pale Lugalo, mashariki ya Iringa, Wahehe waliokuwa wamejificha katika majani na mawe wakatoka ghafula kwa mikuki. Kwa muda mfupi Zelewski akauawa, pamoja na Wadachi wengi aliokuwa nao, na askari zaidi ya mia mbili, na wapagazi. Bunduki zao nyingi na mizinga yao ikatekwa. Wahehe nao walikufa wengi.

Hii ndiyo tarehe ya kwanza, nayo ndiyo itajwayo sana kwa fahari. Na ni haki kutajwa, kwani watu walioingiliwa katika nchi yao walijilinda. Lakini tuwatazame wale waliolala pale Lugalo. Wadachi walisimamisha nguzo ya ukumbusho kwa ajili ya Zelewski na wenziwe. Je, askari wale walikuwa nani? Wengi wao walikuwa Wasudani, na wengine wametoka kusini ya mbali, watu walioajiriwa kwa mshahara kupigana katika nchi wasiyoijua. Wasudani wale walikuwa Waislamu. Na wapagazi hawakushika hata silaha, wameshika mizigo tu. Mshindi hakuwahesabu kwa kuwa walikuja na adui, na walioshindwa hawakuwahesabu kwa kuwa hawakuwa Wazungu. Basi hao ndio wa kwanza waliopotea katika hesabu ya kumbukumbu.

Baada ya Lugalo Mkwawa hakutulia. Mwaka 1892 watu wake wakaipiga ngome ya Wadachi iliyokuwa Kondoa, karibu na Kilosa. Hapo Wadachi wakajiweka tayari kwa kisasi. Mwaka 1894, nao ni mwaka 1312 wa Hijra, Gavana von Schele akaja mwenyewe na jeshi kubwa lenye mizinga. Ukuta wa Kalenga ulikuwa mnene, na wenyewe waliutumainia, lakini haukujengwa kwa vita vya mizinga. Tarehe 30 Oktoba boma likaingiwa, na wanawake na watoto wakatekwa pamoja na ng'ombe na pembe. Hii ni tarehe ya pili. Ni nadra kumsikia mtu akiiadhimisha, ingawa msiba wake uliwafikia watu wengi zaidi kuliko furaha ya Lugalo.

Mkwawa akaponyoka. Kwa miaka minne akawa akihama msitu kwa msitu, akipiga na kutoweka, na raia wake wakimficha na kumpelekea chakula. Mwaka 1896 Wadachi, chini ya Tom von Prince, wakaweka boma lao la Iringa. Wakamtawaza Mpangile, nduguye Mkwawa, kisha mwanzo wa mwaka 1897 wakamnyonga kwa kumshuku kwamba anamsaidia nduguye. Vijiji vikachomwa na chakula kikanyang'anywa ili wenyeji wachoke. Rupia 5000 zikaahidiwa kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Ni fedha nyingi mno kwa mtu mwenye njaa, lakini muda mrefu ulipita kabla ya kuonyeshwa mahali alipo.

Tarehe 19 Julai 1898, nao ni mwaka 1316 wa Hijra, kikosi kilichoongozwa na Sajini Merkl kikamkaribia Mlambalasi, kiasi cha kilomita 50 kutoka Iringa. Mkwawa alikuwa amekwisha dhoofika. Alipoona hapana njia akajipiga risasi, asikamatwe hai. Askari wakakikata kichwa chake wakakipeleka Iringa, na kiwiliwili kikazikwa na watu wake. Baadaye fuvu likachukuliwa Udachi. Hii ni tarehe ya tatu, siku ya kufa kwake. Sisi hatuhukumu mwisho wake, kwani hukumu ya nafsi ni ya Mola wake. Twasema tu kwamba kumkata maiti kichwa na kumchukua mbali na kaburi lake ni aibu katika sheria ya kila watu wenye murua.

Sasa, ewe msomaji, sikiliza jambo la ajabu. Vita vikubwa vya 1914 hata 1918 vilipokwisha, Wadachi walitiwa sahihi katika Mkataba wa Versailles, tarehe 28 Juni 1919. Katika kifungu cha 246 cha mkataba huo yameandikwa mambo mawili pamoja. La kwanza, Udachi imrudishie Mfalme wa Hijazi msahafu wa asili wa Khalifa Othman, ambao ilisemwa kwamba Waturuki waliutoa Madina na kumpa zawadi Kaisari. La pili, Udachi iwape Waingereza fuvu la Mkwawa. Muda uliowekwa kwa yote mawili ni miezi sita. Basi amana ya Madina na amana ya Kalenga ziliwekwa katika kifungu kimoja, kana kwamba wenye dhiki wa pande mbili za dunia walisimamishwa mbele ya kadhi mmoja. Lakini miezi sita ikapita na hapana kilichorudi. Ufalme ule wa Hijazi ukaanguka mwaka 1925 kabla ya kuupokea msahafu wowote, na Waingereza nao wakaacha kuliuliza fuvu kwa miaka mingi.

Hata mwaka 1953 Gavana Edward Twining akaenda mwenyewe katika nyumba ya makumbusho ya Bremen. Huko kulikuwa na mafuvu mengi yaliyokusanywa, na mengi yametoka katika nchi hii. Akachagua moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vichwa vya jamaa za Mkwawa. Tarehe 19 Juni 1954, nao ni mwaka 1373 wa Hijra, likakabidhiwa kwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, pale Kalenga, na hata leo limewekwa katika makumbusho ya huko. Hii ni tarehe ya nne. Waliohudhuria walifurahi, nao walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini fuvu lililotambuliwa kwa kipimo latukumbusha mengine yaliyobaki rafuni, ambayo hayakuwa na mkataba wala mjukuu mkubwa wa kuyadai. Kila moja lilikuwa kichwa cha mwana wa mtu.

Turudi kwa Wasangu, kama tulivyoahidi. Merere alikuwa upande wa Wadachi katika vita hivi. Mtu aliyelelewa kwa masimulizi ya Iringa atamwita msaliti. Lakini Msangu aliyezaliwa ugenini, kwa kuwa wazee wake walifukuzwa na Wahehe, alimwona Mdachi kama mlango wa kurudia kwao. Na kweli, nguvu za Mkwawa zilipovunjika, Wasangu walirudi Utengule katika bonde lao. Basi mwaka ule ule uliokuwa wa kilio Kalenga ulikuwa wa matumaini kwa Wasangu. Baadaye wote wawili, Mhehe na Msangu, walitozwa kodi na dola ile ile, na mwenye kushinda na mwenye kushindwa wakawa raia wa mgeni mmoja.

Haya hatukuyasema ili kumpunguzia Mkwawa ushujaa wake. Alisimama miaka saba mbele ya dola kubwa, na hakuuza nchi yake. Tumeyasema kwa kuwa kukumbuka ni namna ya kutoa ushahidi, na shahidi huulizwa yote aliyoyaona, si yale yampendezayo tu. Basi zikirudi tarehe hizi, mwenye kuisifu Lugalo na amkumbuke mpagazi aliyekufa na mzigo wake kichwani. Mwenye kulilia Kalenga na auulize pia msiba wa Usangu. Na mwenye kusimama mbele ya fuvu lile na awataje wale wasiojulikana majina, walio mbali na makaburi yao. Akifanya hivyo, siku ile itakuwa imemfaa. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.