Edward Ellsberg, Bingwa wa Kuinua Meli Zilizozama



Sisi tunaokaa Magara, Rumonge na pwani yote hii ya Tanganyika tunaijua meli iitwayo Liemba. Wajerumani waliileta vipande vipande, wakaiunga Kigoma, wakaishusha majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe ili adui asiipate, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi isiharibike. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Mwaka 2015 meli hiyo hiyo iliwavusha wakimbizi wengi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma.

Habari hiyo ilinitia hamu ya kujua jinsi meli inavyoinuliwa kutoka chini ya maji. Katika kusoma nilikutana na habari za Edward Ellsberg. Si yeye aliyeinua Liemba, lakini katika kazi hiyo wachache wamepata sifa kama yake, na sehemu moja kubwa ya kazi yake aliifanya katika Afrika yetu ya Mashariki.

Ellsberg alizaliwa Marekani tarehe 21 Novemba, 1891. Alikulia Denver, mji wa milimani ulio mbali sana na bahari. Hata hivyo aliingia chuo cha maofisa wa manowari, akamaliza mwaka 1914 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Baadaye alisomea uhandisi wa meli. Basi alikuwa mtu wa hesabu na michoro, na watu wa namna hiyo mara nyingi huishi mezani mpaka wanapostaafu. Yeye haikuwa hivyo.

Usiku wa tarehe 25 Septemba, 1925, manowari iendayo chini ya maji, yaani nyambizi, iliyoitwa S-51, iligongwa na meli ya abiria karibu na kisiwa cha Block, pwani ya mashariki ya Marekani. Ndani walikuwamo watu 36, wakaokoka 3 tu. Nyambizi ililala kwenye kina cha meta 40, nayo ilikuwa na uzito wa tani kama 1,000. Jamaa za wafu walitaka kuwazika watu wao. Wengi walisema kazi hiyo haiwezekani, lakini Ellsberg alisema yawezekana, naye akapewa kazi.

Ziwa letu lina maji ya vuguvugu, na mtoto wa Magara huogelea mwaka mzima. Bahari ile haiko hivyo. Wakati wa baridi maji yake hufisha ganzi vidole vya mtu. Mzamiaji wa siku zile alivaa nguo nzito na kofia ya shaba, na viatu vya risasi, jumla karibu kilo 90, akavuta hewa iliyopelekwa kwa mpira kutoka melini. Kwenye kina cha meta 40 mgandamizo ni mara tano ya ule wa nchi kavu. Hewa ikivutwa katika mgandamizo huo hulevya akili, hata mtu hodari husahau alichotumwa. Tena naitrojeni ya hewa hiyo huingia katika damu. Mtu akipanda upesi hufanya mapovu mwilini, kama chupa ya Fanta inapofunguliwa, naye aweza kupooza au kufa. Kwa hiyo hana budi kupanda polepole, akisimama njiani katika maji baridi.

Desemba ilipofika baridi iliwashinda, kazi ikasimama mpaka majira ya kuchipua ya 1926. Ellsberg hakuridhika kukaa juu na kutoa amri kwa simu. Alijifunza kuzamia, akashuka mwenyewe mpaka kwenye nyambizi. Naona hapo ndipo lilipo jambo kubwa la maisha yake. Jambo lililoonekana rahisi katika mchoro, kama kufunga mlango mmoja, huko chini lilichukua siku nyingi. Mtu asiyewahi kushuka angewaita wazamiaji wavivu.

Mpango wake ulikuwa huu. Wazamiaji wachimbe njia chini ya nyambizi kwa mpira wa maji yenye nguvu, wapitishe minyororo, wafunge mapipa makubwa ya chuma pande zote mbili, kisha hewa isukumwe ndani ya mapipa na ndani ya nyambizi mpaka maji yatoke. Siku moja mzamiaji Francis Smith alikuwa ndani ya njia hiyo, amelala kwa tumbo gizani, udongo ukaporomoka nyuma yake. Alijigeuza kwa shida, akajichimbia njia kwa mpira ule ule mpaka akatoka. Alipokwisha kupumzika kidogo aliingia tena shimoni kuendelea na kazi.

Juni, 1926, dhoruba ikivuma, nyambizi ilizuka ghafula upande mmoja kabla ya wakati, ikabidi irudi chini. Kazi ya miezi mingi ikaharibika kwa siku moja. Wakaanza tena, na tarehe 5 Julai S-51 ikapanda juu, ikavutwa hadi New York pamoja na maiti waliokuwamo.

Ellsberg aliacha jeshi, akafanya kazi ya uhandisi. Lakini Desemba, 1927, nyambizi nyingine, S-4, ilizama baada ya kugongwa, naye akarudi kwa hiari yake kusaidia. Mara hii watu sita walikuwa hai ndani, wakigonga chuma ili wazamiaji wawasikie. Dhoruba ikazuia kazi, na wote sita wakafa. Msiba huo uliwaamsha wakubwa watafute vyombo vya kuokolea watu. Mwaka 1939, nyambizi Squalus ilipozama, watu 33 walitolewa wazima kwa chombo kilichofanana na kengele. Idadi hiyo ni sawa na ya waliokufa katika S-51.

Sasa nifike Afrika. Mwaka 1941 Waitalia walipokuwa wakishindwa huko Eritrea walizamisha meli nyingi katika bandari ya Massawa, pamoja na magudi yanayoelea, ambamo meli hutengenezwa. Ellsberg alifika mwaka 1942, umri wake umepita miaka 50. Adui yake safari hii lilikuwa joto kali. Alikuwa na Wamarekani wachache, akafanya kazi na Waeritrea, Wasudani, Waingereza, na hata mateka wa Kiitalia. Gudi kubwa lilikuwa limetobolewa chini kwa mabomu, na wataalamu walikwisha kulikatia tamaa. Yeye hakuziba matundu. Aliziba sehemu za juu, akasukuma hewa ndani, maji yakatoka kwa matundu yale yale ya chini. Mwanafunzi yeyote aweza kulijaribu jambo hilo ziwani: zamisha ndoo, ifunike kifudifudi, kisha puliza hewa chini yake kwa mrija. Gudi lilielea baada ya siku tisa.

Kutoka Massawa alipelekwa Algeria, akafanya kazi mpaka afya yake ikavunjika. Hata hivyo mwaka 1944 alikuwako Uingereza, akisaidia matayarisho ya bandari za kubuniwa zilizotumiwa katika pwani ya Ufaransa. Aliandika vitabu vingi juu ya kazi ya kuzamia. Alikufa mwaka 1983, akiwa na miaka 91.

Ndugu zangu, na ninyi kaka zetu mliokwisha kumaliza hapa, wengi wetu tutapewa kazi ya kuwaongoza wengine: wavuvi, mafundi, wakulima wa michikichi. Tutakuwa na karatasi na kalamu, nao watakuwa na jembe na wavu. Ellsberg alikuwa na elimu kutupita, lakini hakuona haya kuvaa kofia ya shaba na kushuka. Nadhani kabla hatujamwambia mtu kazi yake ni rahisi, yatupasa tushuke naye walau mara moja tukaone maji yalivyo.