Hemingway, Malindi na Mizani Isiyojua Jina la Mtu

Katika madarasa yetu ya fasihi, jina la Ernest Hemingway hutajwa kwa ajili ya hadithi yake ya mzee mvuvi wa Kuba, iliyochapishwa mwaka wa 1952. Miaka miwili baadaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel, na aghalabu mwalimu huishia hapo. Ni wachache wanaowaambia wanafunzi kwamba mtu huyo aliwahi kuvua samaki Malindi, na wachache zaidi wanaotaja kuwa kwa miaka ipatayo 20 alikuwa makamu wa rais wa chama cha kimataifa cha michezo. Nataka kuusimulia upande huo wa maisha yake, kwa maana naona una somo kwetu sisi ambao kila kukicha twasikia migogoro ya vyama vya michezo.

Hemingway alizaliwa tarehe 21 Julai 1899 katika mji wa Oak Park, karibu na Chicago. Babaye, aliyekuwa daktari, ndiye aliyemfunza kuvua na kuwinda. Alijeruhiwa nchini Italia mwaka wa 1918 akihudumia majeruhi wa vita, kisha akaishi Paris, akaandika habari na riwaya zilizompa umaarufu. Mwishoni mwa mwaka wa 1933 alifika Afrika Mashariki kuwinda, akiongozwa na Philip Percival. Januari 1934 alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu, akachukuliwa kwa ndege hadi Nairobi kutibiwa. Alipopona alirejea mawindoni, halafu akateremka pwani kuvua katika maji ya Malindi, makao ya sulisuli na jodari. Mwaka uo huo aliporudi Marekani, alinunua mashua yake mwenyewe, akaiita Pilar.

Uvuvi wake haukuwa starehe tupu. Mwaka huo wa 1934 aliwakaribisha Kuba wataalamu wa chuo cha sayansi cha Philadelphia waliotaka kuwachunguza samaki wakubwa wa bahari kuu, na mmoja wao akampa samaki mmoja jina la kisayansi linalomkumbuka mwandishi huyu.

Lakini uvuvi huo wa mashindano ulikuwa na kasoro moja kubwa. Kila klabu ilikuwa na kanuni zake. Mtu wa Australia aliyedai kuvua samaki mkubwa kuliko wote hakuweza kulinganishwa na mtu wa Uingereza, kwa kuwa mishipi yao ilitofautiana na hapakuwa na mwamuzi waliyekubaliana. Ndipo tarehe 7 Juni 1939, katika jumba la makumbusho ya viumbe asilia mjini New York, kilipoundwa chama cha kimataifa cha uvuvi wa mashindano, kijulikanacho kwa kifupi kama IGFA. Tajiri Michael Lerner ndiye aliyetoa fedha nyingi za kukiendesha, lakini hakujitwalia kiti cha kwanza. Rais wa mwanzo alikuwa mwanasayansi, William King Gregory, na Francesca LaMonte, mtaalamu wa samaki, akawa katibu. Hemingway akaingia katika umakamu wa rais mwaka wa 1940, akadumu nao hadi kufa kwake.

Tazama, msomaji, jinsi chama hicho kilivyopangwa. Hakina polisi wala mahakama. Kina makao makuu yanayotunza kanuni na daftari la rekodi, klabu wanachama, na wawakilishi waliotawanyika katika pwani mbalimbali za dunia. Anayedai rekodi sharti awe amepambana na samaki peke yake tangu ndoana iliponasa. Mwingine akigusa ufito au mshipi kabla ya wakati wake, dai limeanguka. Samaki aliyeng'atwa na papa hahesabiwi. Lazima apimwe nchi kavu, kwa mizani iliyothibitishwa, mbele ya mashahidi. Kisha kipande cha mshipi uliotumika hupelekwa kujaribiwa nguvu zake, pamoja na picha na fomu yenye kiapo.

Kwa hiyo, uzito wa chama chote waning'inia kwenye mizani ya bandari ndogo. Shahidi wa Malindi akisema uongo, daftari la makao makuu nalo limesema uongo. Umaarufu wa Hemingway uliwavutia watu wakijue chama, lakini haukuweza kumwongezea samaki hata gramu moja.

Sisemi haya ili kumpamba. Hemingway alikuwa mtu wa majivuno, na uwindaji wake leo ungewaudhi wengi. Tena Malindi aliyoijua ilikuwa ya enzi ya ukoloni, ambapo mgeni alishika ufito na mwenyeji akafanya kazi chomboni. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, walisema wahenga. Hata hivyo, jina lililoandikwa mbele katika daftari la rekodi ni la aliyeshika ufito, si la baharia aliyejua mkondo wa maji. Kanuni inaweza kuwa ya haki katika kupima samaki, na bado ikaacha swali juu ya nani anayehesabiwa kuwa mshindi.

Alirudi Afrika Mashariki mwaka wa 1953. Januari 1954 alinusurika ajali mbili za ndege kwa siku mbili mfululizo nchini Uganda, na magazeti kadhaa yakatangaza kuwa amekufa. Baadaye akiwa Shimoni, kusini mwa pwani yetu, aliunguzwa na moto wa kichakani. Majeraha hayo yalimdhoofisha, na tarehe 2 Julai 1961 alijiua nyumbani kwake Ketchum, Marekani.

Nimewahi kuketi katika kamati za michezo ya shule, nikashuhudia ubishi juu ya umri wa wachezaji ukimalizwa si kwa cheti bali kwa cheo cha aliyepaza sauti. Tukiwazoesha vijana hayo, tusishangae wakishika vyama vya taifa kwa mtindo uo huo. Novemba 2021 serikali yetu iliivunja kamati ya shirikisho la kandanda kwa madai ya ubadhirifu. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na hadi Novemba mwaka huo wachezaji wasio na hatia walikuwa nje ya mashindano ya kimataifa.

Chama cha michezo hakijengwi na watu mashuhuri walio kileleni. Hujengwa na mwalimu anayeshika utepe wa kupimia mruko, na mwanafunzi anayeandika namba iliyo sahihi hata inapomshinda rafikiye.