Aniceti Kitereza: mwanafunzi wa Rubya aliyesubiri kitabu chake miaka 35

Rubya, wilayani Muleba, wengi tunaijua kwa hospitali na seminari yake. Leo tunamkumbuka mmoja wa waliosoma katika seminari hiyo, Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Ukoo huo, Abasilanga, husimulia kwamba chimbuko lake ni Ihangiro. Kwa hiyo kijana alipovuka ziwa kuja kusoma, enzi za Mjerumani, hakuja ugenini kabisa.

Alikaa Rubya miaka ipatayo kumi, akajifunza Kilatini na Kijerumani, lakini upadri hakuufikia. Alirudi kwao akamwoa Anna Katura. Walijaliwa watoto wanne, wote wakafariki wakingali wadogo. Anna hakuachwa.

Tunayasema haya kwa sababu riwaya aliyoimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, inagusa kidonda hichohicho. Myombekere na Bugonoka wanapendana ila hawana mtoto. Ndugu wa mume hawaishi maneno, mpaka wazazi wa Bugonoka wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere anamfuata ukweni, na ili arudishiwe mke anatozwa pombe ya ndizi. Baadaye mganga anawatibu, wanampata Ntulanalwo, kisha Bulihwali. Anayejua Kihaya atayasikia majina hayo mwenyewe: la kwanza ni la mtu anayeishi na kifo, la pili linauliza msiba utakwisha lini. Humo pia mna kilimo, uvuvi, dawa na adabu za ukweni, maana Kitereza alitaka vijana wasiyapoteze ya wazee wao.

Aliyemhimiza kuandika ni Padri Almas Simard, Mkanada wa White Fathers. Kuandika hakukuwa tatizo; tatizo lilikuwa kuchapisha. Nani angechapa kitabu kinene hivyo kwa lugha ya kisiwa kimoja? Miaka ikapita, uhuru ukaja, Kitereza akazeeka. Mwishowe akakaa chini akakitafsiri chote kwa Kiswahili, yeye mwenyewe.

Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikitoa mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Tangu hapo kimesomwa kwa Kijerumani na Kifaransa. Mwaka 2002 mwandishi Gabriel Ruhumbika, naye wa Ukerewe na wa ukoo huohuo, alikitoa kwa Kiingereza, akitafsiri kutoka Kikerewe chenyewe.